Togwa Isiyotiwa Hata Punje ya Sukari

Saa moja kasorobo asubuhi, soko la Iringa bado halijachangamka. Ukungu umelala juu ya mabati, wachuuzi wanapuliza moto huku wakifikicha macho, na mvua ya kwanza ya Novemba imeacha madimbwi kati ya vibanda. Tekla Mgaya ameshakaa kwenye kigoda chake, mtungi uko mbele ya magoti, kata mkononi. Dereva mmoja wa lori, mgeni, koti limejaa vumbi la barabara ya Dodoma, anaweka senti kumi kwenye kisahani na kuomba bakuli moja la togwa.

Tekla hachoti. Anamtazama yule bwana kuanzia kofia hadi viatu, kisha anamwuliza kwa sauti inayofika mpaka kwa wauza dagaa:

"Samahani, mjomba. Kwa siku unakojoa mara ngapi?"

Dereva anaduwaa. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mama, mimi nimekuja kunywa togwa. Sikuja kuposa."

"Najua. Nijibu tu. Usiku unaamka kwa kiu? Pale unapokojoa, sisimizi wanakuja?"

"Sisimizi! Jamani, huyu mama mzima kweli?"

"Mzima kabisa," anajibu Mwanahawa binti Saidi, anayekaanga vitumbua kibanda cha pili, bila kuinua macho kwenye kikaango chake. "Mjibu, kaka yangu, upate togwa yako. Hapa kila mtu keshajibu. Karani wa boma alijibu, na suti yake."

Dereva anaona hana pa kukimbilia. Anakiri, kwa sauti ya chini, kwamba anakojoa kama watu wengine, na sisimizi hana ugomvi nao. Hapo ndipo Tekla anapochota, anajaza bakuli mpaka ukingoni, na kumkabidhi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mama yake huko Ubena.

"Watu wanadhani nimechanganyikiwa," anasema mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, dereva akiwa ameshaondoka huku akitikisa kichwa. "Wacha wadhani. Mimi nimemnywesha mume wangu sukari miezi minane kwa mkono wangu huu. Na nilikuwa najisifu kwamba namponya."

Ukiyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, utadhani masikio yako yana kasoro. Togwa ya Tekla haitiwi sukari! Hilo Iringa nzima inalijua. Anayetaka kugombana naye amwambie tu kwamba togwa yake ni tamu kwa sababu ameiongezea sukari ya dukani. Atafukuzwa na mwiko.

Anavyoitengeneza ni vile vile alivyomwona bibi yake akifanya. Anapika uji mzito wa unga wa mahindi, anauepua, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie. Kisha anatia kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa juani na kusagwa. Anakoroga. Baada ya muda ule uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea wenyewe na kuwa mwepesi, na ukiuonja ni mtamu. Unga, maji, kimea. Basi, hakuna kingine.

"Utamu wa Mungu huo," bibi yake alikuwa akimwambia, naye Tekla hakuwahi kuuliza zaidi. Nani angeuliza? Togwa ni kinywaji cha mgeni akiingia nyumbani, cha mama aliyejifungua, cha wazee walioacha pombe kwa ajili ya kanisa. Mtu haanzi kuishuku togwa ghafla, kama vile asivyoanza kuyashuku maziwa ya mama yake.

Mume wake ni Liberatus, fundi mwashi, mtu mrefu mwenye maneno machache. Nyumba nyingi za matofali katika mtaa wao zimepita mikononi mwake. Mwishoni mwa mwaka jana, 1955, alianza kusumbuliwa na kiu. Alikuwa akienda kazini na chupa ya maji, ikawa chupa mbili, mwisho mafundi wenzake wakawa wanamtania kwamba amemeza mchanga. Akakonda, suruali ikawa inashikiliwa na kamba.

Aliyewaona sisimizi ni Tekla. Nyuma ya nyumba, pale Liberatus alipozoea kwenda haja ndogo asubuhi, walikuwa wamejipanga mistari kwa mistari, wanakwenda na kurudi, wana shughuli utafikiri kuna sherehe.

"Nikapiga yowe," Tekla anasimulia. "Nilijua tumetupiwa kitu. Nikamwambia, Baba Yudith, kuna mtu anakutafuta roho. Wewe umewahi kuona sisimizi wanafuata mkojo?"

Yudith ni binti yao wa pekee, ameolewa Njombe. Ni yeye aliyeandika barua akimsihi baba yake aende zahanati kabla ya kwenda kwa mganga wa kienyeji. Liberatus akaenda, mwezi wa Januari mwaka huu. Katika zahanati ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji, dresa Fanueli Mwakyusa, mhudumu wa wagonjwa, aliuchukua mkojo wake, akauchanganya na dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Buluu ikageuka, ikawa nyekundu ya tofali lililoiva.

"Una ugonjwa wa sukari," Fanueli alimwambia. "Kuanzia leo, sukari basi. Chai ya sukari, miwa, asali, maandazi, vyote basi. Ukiupenda mguu wako, ukiyapenda macho yako, basi."

Wapo wagonjwa wanaoitikia "ndiyo bwana" na kwenda moja kwa moja hotelini kuagiza chai ya vijiko vinne. Liberatus si wa namna hiyo. Kutoka siku ile hakugusa. Alipopewa chai mahali alikataa, na chai bila sukari alionja mara moja akasema ni maji ya kuoshea vikombe. Lakini kiu ilikuwa pale pale, inamkausha koo, na mtu mwenye kiu lazima anywe kitu.

"Nikasema, Mungu hamtupi mja wake," anasema Tekla. "Chai haifai, soda haifai, lakini si kuna togwa? Togwa haina sukari. Nikamwambia, wewe kunywa tu, hii ni ya kwetu, haina dhambi."

Akamwekea mtungi wake peke yake. Mabakuli manne kwa siku. Kiu ilipozidi, yakawa sita. Kazini alimpelekea kibuyu, na jioni akirudi alikuta bakuli limefunikwa kwa kawa. Kiu ikija, togwa; togwa ikiingia, kiu inarudi na wenzake. Tekla akaongeza unga.

Habari hazikai ndani. Mwanahawa, jirani yake wa sokoni na shoga yake wa miaka tisa, alilitangaza jambo hilo kwa mdomo wake usio na kufuli. "Jamani wenye sukari! Njooni kwa shoga yangu, kuna kinywaji kitamu kisicho na punje ya sukari!" Wakaja. Karani mstaafu, mke wa fundi cherehani, katekista Yotamu. Kufikia mwezi wa Agosti Tekla alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wanaomtegemea kila siku. Mapato yake yakapanda kutoka shilingi tatu kwa siku mpaka sita, akanunua mtungi wa pili.

"Walikuwa wananibariki," anasema. "Mzee Yotamu aliniombea kanisani kwao. Kwa jina."

Sasa ngoja tufike mahali penyewe, kwa maana mpaka hapa unaweza kusema ni bahati mbaya tu.

Kila mwezi Liberatus alirudi zahanati kupimwa, na kila mwezi kichupa kiligeuka chekundu. Februari, Machi, Aprili, hakuna nafuu. Fanueli akaanza kukasirika. "Bwana Liberatus, unatudanganya. Kuna mahali unalamba." Liberatus akaapa. Mwezi uliofuata, nyekundu tena.

Tekla akamwamini dresa. Dresa amesoma, kichupa hakina sababu ya kusema uongo, basi mwongo ni nani? Alianza kwa kuficha kopo la sukari uvunguni. Kisha akalitoa nyumbani kabisa, akalipeleka kwa Mwanahawa. Ikafuata kumpekua mifuko mume wake akirudi kazini. Na ikafika kumnusa mdomo mlangoni, kama mama anavyomnusa mtoto aliyeiba karanga.

"Namwambia, pumua. Anapumua. Nanusa utamu. Nasema, huu ni utamu wa nini, Baba Yudith? Anasema, togwa yako. Nasema, usiisingizie togwa yangu!"

Siku moja mwezi wa Juni alimfuata kazini bila kumwambia. Akamkuta kwenye jukwaa anajenga ukuta, mafundi wenzake wanne wapo. Akamwamuru ateremke. Akamshika mkono wa kulia, akalamba vidole vyake kimoja kimoja mbele ya watu, akitafuta ladha ya sukari.

Lo! Mke amlambe mume vidole mbele ya mafundi! Wale vijana waligeuza nyuso ukutani ili wasionekane wanacheka. Liberatus alifuta mkono kwenye suruali, akapanda jukwaani, akaendelea na ukuta wake.

Mwezi wa Julai tofali lilimwangukia mguu wa kushoto. Jeraha dogo, la kufunga kitambaa na kusahau, lakini halikupona. Likatoa harufu, likawa jeusi. Alipelekwa hospitali kubwa, na huko wakamkata vidole viwili. Daktari alisema wazi kwamba sukari isiposhuka kufikia mwisho wa Septemba, mguu wenyewe utafuata, chini ya goti.

Tekla alikaa kando ya kitanda chake wodini, akamwambia maneno ambayo leo anayatoa kwa shida, akitazama chini.

"Nilimwambia, sukari yako ya wizi imekula vidole vyako. Akageukia ukuta."

Tarehe kumi na mbili Septemba walikwenda zahanati pamoja, mume na mkongojo wake, mke na kibuyu cha togwa begani, maana njia ni ndefu na mgonjwa ana kiu. Fanueli akachemsha. Nyekundu. Akakiweka kichupa mezani kwa nguvu hata taa ikayumba.

"Mwisho wa mwezi huu wanakata mguu, na wewe bado unakula sukari! Unataka nikufanyie nini?"

Tekla naye alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu. Lakini safari hii hasira zake ziliruka upande mwingine, kwa kuwa aliona dresa ameanza kumtazama na yeye.

"Mama, nyumbani anakula nini?"

"Ugali. Mboga. Maharage."

"Anakunywa nini?"

"Togwa."

"Yenye sukari?"

Hapo ndipo palipowaka moto. Tekla alisimama. Amwambie neno lolote jingine, amwambie mahali popote, lakini si hilo.

"Mimi? Nitie sukari togwa? Tangu kwa bibi yangu, haijaingia hata punje! Unanitukana mbele ya mume wangu? Haya, pima! Si una kichupa chako? Pima togwa yangu uone, halafu uniombe radhi!"

Akazibua kibuyu mwenyewe. Fanueli anakiri kwamba alikubali ili kumtuliza tu. Alichuja togwa kidogo kwa kitambaa, akadondosha matone machache kwenye dawa ya buluu, akakishika kichupa juu ya moto. Wote watatu wakainama kutazama.

Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano haikukaa hata ukope upepese; kikawa chekundu, chekundu kizito, kikatua chini kama tope. Chekundu kuliko mkojo wa mgonjwa mwenyewe.

"Mwee!" ndicho alichokumbuka Tekla kusema. "Rudia."

Fanueli akarudia kwa kichupa kingine, kisafi. Nyekundu. Tekla akamwambia apime maji matupu, labda dawa imeharibika. Maji yakachemka na buluu ikabaki buluu. Akamwambia arudie togwa mara ya tatu. Nyekundu.

"Nikakaa sakafuni," anasema. "Nilitaka kulia, machozi hayaji. Nakitazama kibuyu changu tu."

Dresa mwenyewe alikuwa amepigwa na butwaa. Fanueli ni kijana wa Tukuyu, mchapakazi, na hajaribu kujitetea. "Asubuhi ile mimi nilikuwa nimekunywa mabakuli mawili ya togwa," alisema alipotembelewa zahanati. "Niliwakataza watu chai, miwa, asali. Togwa haikunijia kichwani. Ni kama kumkataza mtu maji."

Alimwandikia daktari wa hospitali kubwa, na jibu lilikuja baada ya wiki moja. Fanueli analieleza kwa lugha nyepesi. Mbegu ya ulezi ikichipua, inavunja unga ulio ndani yake na kuufanya sukari, ndiyo chakula cha mche mchanga. Ukikiua kile kichipukizi kwa jua, ukakisaga, ukakitia kwenye uji wa vuguvugu, kazi ile inaendelea ndani ya chungu. Ndiyo maana uji unalegea. Unga wenyewe unageuka sukari.

"Mama Yudith hakusema uongo," anasema. "Hakuna aliyetia sukari. Sukari inazaliwa humo humo."

Haya. Tekla hakuwa amemtilia mume wake sukari, na alikuwa amemnywesha sukari mabakuli sita kwa siku. Yote mawili ni kweli. Mwanahawa alipohadithiwa aliacha vitumbua vikaungua. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akanyamaza asubuhi nzima.

Liberatus je? Msomaji angependa kusikia kwamba alimkumbatia mkewe wakalia pamoja. Haikuwa hivyo. Walitembea kutoka zahanati mpaka nyumbani bila neno. Siku ya kwanza hakusema kitu, ya pili pia. Alikunywa maji, akala ugali kidogo, akalala.

"Bora angenipiga," anasema Tekla.

Siku ya tatu, wakiwa wanapukuchua maharage uani, Liberatus alisema bila kumtazama:

"Togwa hukuijua. Sawa. Hata dresa hakuijua. Lakini mimi nilikuambia sili sukari. Miaka ishirini na miwili, Mama Yudith. Mimi je, hukunijua?"

Tekla aliuchukua mtungi wa mume wake, ule wa peke yake, akauvunja kwenye jiwe, kisha akapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage. Liberatus akamwacha apige magoti kitambo kirefu. Halafu akamwambia ainuke, maharage hayajaisha.

Wiki mbili bila togwa, kichupa kilitoka kwenye wekundu kikawa njano. Mwisho wa Oktoba kikawa kijani, na kijani ni cha kupewa mkono. Kiu imepungua na jeraha limefunga. Daktari wa hospitali kubwa ameandika kwamba mguu unabaki. Vidole viwili, hivyo vimekwenda.

Kisha likaja la wateja. Tekla aliwaita wale kumi na mmoja kwake mmoja mmoja, akawaeleza. Mtu angetegemea washukuru. Thubutu! Mke wa fundi cherehani alimwambia amepewa kitu na wenye mahoteli ili auue biashara yake mwenyewe. Karani mstaafu alihamia kwa muuza togwa mwingine upande wa pili wa soko, na huko anakunywa mbili mbili. Katekista Yotamu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Basi mwanangu, tuliomba Mungu atuponye na huku tunakunywa ugonjwa." Yeye ameacha.

Mapato yamerudi shilingi tatu, siku nyingine mbili na nusu. Tekla hajaacha kuuza. Mtu mzima mwenye afya, anasema, hana sababu ya kunyimwa togwa. Ila hampimii mtu kabla hajamwuliza maswali yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye ameamua hakuna atakayeyaficha mbele ya mtungi wake.

Lakini lipo moja linalomkosesha usingizi, nalo liko Mbeya.

Mwanahawa ana kaka yake huko, Isihaka bin Saidi, mwenye duka la vitambaa na mikeka karibu na soko. Naye ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tatu huu. Mwezi wa Mei alikuja Iringa kumsalimu dada yake, akaonyeshwa togwa isiyo na sukari, akafurahi kama mtu aliyefunguliwa kifungo. Togwa haisafiri vizuri, basi Tekla akawa anampelekea kimea kwa malori, mfuko mmoja kila wiki mbili, na mkewe Siwema anakipika hukohuko. Mifuko tisa imekwenda. Tekla aliisaga kwa mkono wake.

Baada ya ile siku ya zahanati alimtumia salamu kwa dereva: acha togwa, ina sukari. Jibu lilirudi kwa dereva yule yule, pamoja na mfuko mtupu. "Mwambie shemeji Tekla, kama amechoka kunisagia aseme. Togwa ndiyo iliyonitoa kwenye chai. Ajaze mfuko." Mwanahawa akaandika barua mwenyewe, mbili. Siwema akajibu kwamba mume wake hataki kusikia, na kwamba kimea sasa ananunua kwa Wasafwa wanaoleta sokoni. Chini ya barua akaongeza mstari mmoja: siku hizi nikimpa kikombe, anakishika pembeni.

"Anakishika pembeni," Tekla anarudia. "Haoni mkono wa kikombe ulipo. Macho yameanza kwenda. Na mimi ndiye niliyemfundisha."

Kumnyima kimea hakusaidii kitu, maana kipo kila soko. Salamu hazimsaidii. Kwa hiyo Alhamisi ijayo Tekla atapanda lori kwenda Mbeya, na Liberatus amesema hamwachi aende peke yake. Ni safari ya kutwa nzima ya matope na mashimo, na Tekla hajawahi kufika mbali kiasi hicho. Fanueli amempa vichupa viwili, chupa ndogo ya dawa ya buluu na taa ya spiriti ya kuazima, akamfundisha jioni tatu mfululizo jinsi ya kuchuja na kuchemsha bila kujiunguza.

"Siendi kumhubiria," anasema, akivifunga vichupa ndani ya khanga mara tatu. "Nitamwomba Siwema apike togwa kama nilivyomfundisha. Halafu nitaichemsha mbele yake, aone rangi inavyogeuka, kama nilivyoona mimi. Mtu akiona mwenyewe hawezi kubisha."

Anaulizwa, na kama mpaka Alhamisi Isihaka atakuwa haoni tena rangi?

Tekla anaongeza fundo jingine kwenye khanga. Mwanahawa anageuza kitumbua ambacho hakijaiva. Anayejibu ni Liberatus, aliyekuwa amekaa kwenye gunia nyuma ya mkewe tangu asubuhi. Anainama taratibu na kuanza kulegeza kamba za kiatu cha kushoto, cha mguu ule uliokatwa vidole.

"Basi nitamshika mkono," anasema, "nimpapasishe hapa."